Manowari ya bomba tatu haikupotea, ni nyie tu hamkuuliza

Juzi nimetumiwa klipu kwenye grupu la WhatsApp, inahusu Königsberg, ile manowari ya Mjerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji vita ya kwanza. Muziki wa kutisha, ramani inazunguka, halafu sauti nzito inasema ilitoweka bila mtu yeyote kujua iko wapi, mpaka ndege ya Mwingereza ilipoigundua. Bila mtu yeyote! Nikazima hapo hapo. Kwa hiyo waliokuwa wanakata mikoko Salale, humo humo deltani, na kuiona kila siku ya Mungu, hao sio watu?

Tuanze na Dar. Ile meli imeingia Juni 1914, mji ukatoka kuishangaa, na watu wakaipa jina lake kabisa, Manowari ya bomba tatu, yaani dohani tatu. Na ujasusi wa baharini enzi zile, ukiondoa mbwembwe, kwa sehemu kubwa ulikuwa ni huo huo, kuhesabu dohani na milingoti ujue anayekuja ni nani. Watu wa Dar walishaufanya bure. Kapteni Looff wa Königsberg mwenyewe alijua thamani ya macho ya pwani: Septemba yuko Rufiji, akaletewa habari kwamba kuna manowari ya Mwingereza yenye bomba mbili imetia nanga Unguja, akatoka nayo, na alfajiri ya tarehe 20 akaikuta Pegasus iko kwenye matengenezo haiwezi hata kusogea, akaipiga ikaenda chini. Zaidi ya mabaharia 30 wakafa, baadhi yao wamelala kisiwani Chapwani mpaka leo.

Baada ya hapo Waingereza wakachanganyikiwa. Chatham, Dartmouth na Weymouth, manowari tatu nzima, zinapanda na kushuka pwani kumtafuta mmoja. Na alipatikanaje? Tarehe 19 Oktoba waliikagua meli ya Kijerumani Präsident kule Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha matishari ya makaa ya mawe yamepelekwa Salale. Haya, tarehe 30 Chatham ikashusha watu mlangoni mwa mto, wakawauliza wanakijiji, wakaambiwa ipo, Salale, wala haiko peke yake, ipo na meli iitwayo Somali iliyobeba makaa yake. Basi. Ndio ujasusi wenyewe huo. Ndege ya kwanza, ya rubani Cutler, imeruka Novemba! Imekwenda kutazama kitu ambacho wanakijiji walishakisema.

Halafu mnisaidie, hiyo siri ingefichwa vipi kwa wenyeji? Sawa, Wajerumani walifunga matawi kwenye milingoti ifanane na msitu, ukiwa baharini unadanganyika. Ila mitambo ya boila iliharibika, ikabidi ishushwe, ivutwe nchi kavu mpaka Dar kwenye karakana, itengenezwe, irudishwe tena Rufiji. Nani aliivuta? Sio Looff. Ni wapagazi wetu, wengi, kwa kamba na mabega, wakipita kijiji hadi kijiji, wanalala, wanatafuta chakula, wanaulizwa jamani hilo lidude la nini. Mbibi aliyekuwa anatwanga barazani kwake alijua hali ya injini za Königsberg kuliko ofisi nzima ya London, na kazi yake wala haikuwa ujasusi.

Anayenikera zaidi ni huyu Pretorius, mwindaji wa tembo, mnayeambiwa ndiye jasusi hodari wa Waingereza kule Rufiji. Hodari kweli, simkatalii, aliingia kule na kupima kina cha mikondo maji yakijaa na kupwa, bila hivyo meli bapa za Mwingereza, Severn na Mersey, zisingethubutu kuingia. Lakini kwa simulizi yake mwenyewe, habari nzito alizipataje? Alimpata jumbe ambaye mwanawe alikuwa mtia makaa mle mle melini, wakaenda na kuku kama wanakwenda kumsalimia kijana, na hapo ndipo ikajulikana topido zimeshatolewa melini. Mwana yuko mbele ya tanuri la Mjerumani, baba ana tenga la kuku mkononi, wakigundulika wananyongwa wote. Pretorius ana jina na sifa. Jumbe ni "jumbe", mwanawe ni "mwanawe".

Haya, ndege nazo nitazipa chao, nisionekane mbishi tu. Julai 1915 Severn na Mersey zilikuwa zinapiga bila kuona shabaha, na bila ndege za kutoka Mafia kuwaambia kombora limeangukia wapi wangemaliza risasi kwenye mikoko. Hata hivyo tarehe 6 walishindwa, wakarudi tarehe 11 ndipo Looff akailipua mwenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa ikaendelea na vita bara.

Ila hii teknolojia mnayoiabudu iliwahi kuwaumbua. Aprili 1915 Waingereza walidaka mawasiliano ya simu ya upepo, wakajua meli ya Kijerumani Rubens inakuja na shehena huku ikijifanya meli ya Denmark, wakaikimbiza mpaka ghuba ya Manza, juu ya Tanga. Wakaipiga, wakaona moshi, wakaamini imeteketea, wakaondoka zao. Wajerumani wakatulia, wakaopoa bunduki na risasi kwa masanduku, wakakausha risasi moja moja, halafu wapagazi wale wale wakabebeshwa. Manza palikuwa na wavuvi. Hawakuulizwa.