Kiingilio cha shamba la kahawa kinamfikia nani?

Msafiri akifika nchi inayolima kahawa, siku hizi hakosi kualikwa shambani: achume, atwange, akaange kwenye chungu, anywe, apige picha, mchana awe amesharudi hotelini. Wapo wanaosema ziara hizi zinamwinua mkulima. Wapo wanaoziita maigizo. Kwangu mimi, ubishi wa kama ziara ni halisi au ya kuigizwa hauna uzito mkubwa. Kizito ni pesa zinaishia mfukoni mwa nani.

Wanaozitetea wana hoja nzuri. Mkulima mdogo hupata fedha kwa msimu. Mavuno yakishauzwa, miezi inayofuata ni ya kupalilia, kupogoa na kukopa. Bei nayo hapangi yeye. Ile ya kahawa aina ya arabika hufuata soko la New York, ambako mwaka 2019 ratili moja ilishuka chini ya dola 1, na Februari 2025 ikapita dola 4. Mgeni anayelipa taslimu katika miezi hiyo ya mkono mtupu anafanya jambo ambalo soko halifanyi. Zaidi ya hapo, zinahitajika takriban kilo 5 hadi 7 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa mbichi, na ikikaangwa hupungua tena kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito. Mkulima wa kawaida huuza kule kwenye kilo nyingi na bei ndogo. Akimuuzia mgeni pakiti iliyokwisha kukaangwa, sehemu ya faida iliyozoea kuvuka bahari inabaki nyumbani kwake.

Hayo yote lakini yanategemea kwamba anayepokea malipo ni yeye. Ziara ikiuzwa na wakala wa mjini, kuna gari, dereva, mtembezaji na kamisheni ya hoteli, na mwenye mibuni anaweza kuambulia bakshishi tu.

Kisha kuna kazi yenyewe. Matunda ya tawi moja hayaivi kwa pamoja: mekundu yamebanana na ya manjano na mabichi kabisa. Mchumaji mzoefu hulishika tunda bivu kwa ncha za vidole, akalizungusha kidogo, likatoka na kuacha kikonyo chake mtini. Mgeni huvuta. Kikonyo kinang'oka, pengine na ngozi ya tawi pale ambapo maua ya msimu ujao yangechipua, na kikapuni mabichi yanachanganyika na mabivu. Hakuna wa kumkaripia, maana amelipa. Atakapoondoka, mtu atakaa chini kuchambua kikapu chake, na muda huo haumo kwenye bei ya ziara.

Tena kuna viatu. Kutu ya majani ya kahawa ni kuvu ambaye vumbi la mbegu zake husafiri kwa upepo na pia kwa nguo na viatu vya watu. Hawaii, iliyokuwa imeepuka ugonjwa huo miaka yote, iliugundua mwaka 2020. Anayezunguka mashamba matatu kwa siku na viatu vilevile ana sababu ya kuvisafisha.

Kuhusu kahawa ya fungo ya Indonesia, ile ya punje zilizopita tumboni mwa mnyama huyo na kuokotwa kwenye kinyesi chake, sina mizani ya kupima. Mnyama aliyefungiwa kizimbani na kulishwa matunda ya kahawa ili watalii wamtazame ni ukatili, basi.

Kumtembelea mkaangaji wa kahawa badala ya shamba huonekana kama safari ya daraja la pili, na hapo sikubaliani. Mwenye nusu siku tu atajifunza mengi zaidi kwake. Punje za kijani zinaingia kwenye pipa la moto, zinageuka manjano na kutoa harufu ya majani makavu, zinakuwa kahawia, kisha karibu na nyuzi 200 zinaanza kupasuka kwa mlio. Onja punje hizohizo zikiwa zimetolewa mapema, halafu zilizoachwa hadi zikawa nyeusi, na utaelewa kwa nini kahawa mbili za shamba moja hazifanani.

Ila naye ana maigizo yake: picha kubwa ya mkulima anayetabasamu ukutani. Muulize alinunua kwa bei gani. Wengine hujibu bila kusita, ila sikiliza vizuri, kwa sababu mara nyingi bei wanayotaja ni ya bandarini, kahawa ikiwa imeshakobolewa na tayari kupakiwa melini. Aliyoipata mkulima iko chini ya hapo.

Linabaki suala la wakati, na hapa maslahi yanagongana. Mgeni anataka mavuno: Ethiopia kati ya Oktoba na Januari, Brazili kuanzia Mei hadi Septemba. Mkulima anahitaji pesa za mgeni hasa nje ya miezi hiyo, wakati mitini hakuna jekundu la kupiga picha. Mimi ningechagua msimu wa kupogoa. Mwenyeji ana nafasi ya kuzungumza, mibuni haina cha kuharibiwa, na kabla ya kukubali ningeuliza kwa simu jambo moja: malipo nampa nani mkononi?