Ruzuku za mitambo yenye akili: Dodoma ilipie kipi?

Treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kuja Dodoma haimwachii dereva peke yake kazi ya breki. Reli ya SGR imefungwa mfumo wa ishara wa Ulaya, ETCS ngazi ya pili: kompyuta inaitumia treni taarifa kwa redio, iende umbali gani na kwa mwendo gani, na dereva akipitiliza, breki zinajifunga zenyewe. Mkoa huu hauhitaji kuelezwa maana ya hilo. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu, ikashindikana kusimama, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Mitambo ambayo kompyuta yake haiishii kwenye skrini, bali inasukuma chuma, maji au umeme, ina fani yake ya utafiti tangu mwaka 2006, Helen Gill wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani alipoipa jina la Kiingereza "cyber-physical systems". Swali linalotoa fedha nyingi siku hizi ni hili: tukiitia akili unde mitambo hiyo, tutajuaje kwamba haitaua mtu? Mwaka 2023 mfuko huo na washirika wake walitangaza hadi dola milioni 20 kwa swali hilo tu. Upepo umefika na huku. Chuo Kikuu cha Dodoma kina maabara ya akili unde iliyofadhiliwa na IDRC ya Kanada na Sida ya Uswidi, na maandiko ya kuomba ruzuku yenye maneno "salama" na "yenye akili" yataongezeka tu.

Wanaoona ni fedha za kuchezea hawasikilizwi vya kutosha. Hoja yao ya kwanza ni nani anayelipa. Nchi za Afrika zilikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika. Pengo linazibwa na mfadhili, naye huja na orodha ya mambo yake. Matokeo utayaona kwenye maonesho ya ubunifu ya vyuo: boksi la plastiki, kihisi cha unyevu wa udongo, taa ya kijani, pampu ndogo kama ya tangi la samaki. Mezani kinafanya kazi vizuri kabisa. Mradi ukifunga hesabu, boksi linaingia kabatini na mwanafunzi anaingia mtaani kutafuta ajira.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: sisi ni wanunuzi. Reli imejengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki, na mfumo wake wa ishara umetumika Ulaya kwa miaka. Kwa nini tumlipe mtu wa Dodoma athibitishe upya kilichokwisha kuthibitishwa? Halafu kuna kumbukumbu ya Agosti 2017, ilipotangazwa kwamba droni za Zipline zingeanza kusambaza damu na dawa kutoka kituo cha Dodoma mwanzoni mwa 2018, kwa mpango wa kitaifa wa hadi safari 2,000 kwa siku. Mwaka 2018 ukaisha bila droni hizo, na Ghana ikaanza zake Aprili 2019. Sidhani kilichokosekana hapo kilikuwa utafiti.

Hata hivyo hoja ya mnunuzi ina tundu. Usalama haupakiwi kwenye kontena pamoja na mashine. Cheti kinaeleza mtambo ulivyofanya kazi kule ulikopimiwa. Mwaka 2024, safari za Dodoma zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza, Shirika la Reli lilitaja ngedere na bundi kwenye sababu za hitilafu ya umeme iliyochelewesha treni. Watu walicheka sana mitandaoni. Mhandisi wa usalama hakuwa na sababu ya kucheka. Ile ilikuwa data, na hakuna mtu wa Ulaya ambaye angekuletea.

Kwenye mitambo inayojifunza yenyewe, tundu hilo ni kubwa zaidi. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba programu ya gari haikuandaliwa kumtambua mtu anayevuka nje ya kivuko. Ipeleke programu hiyo barabara ya Singida saa kumi na mbili jioni, ng'ombe wakirudi bomani. Wala usiseme tutaijaribu barabarani mpaka turidhike: taasisi ya RAND ilikokotoa mwaka 2016 kwamba gari lingehitaji kwenda maili milioni 275 bila ajali ya kifo ndipo liaminike kuwa halimzidi binadamu kwa kuua. Ndiyo maana wapo watu wanaolipwa kukaa na hesabu za kuthibitisha usalama kabla mtambo haujaingia barabarani.

Lakini mfano unaonigusa zaidi hauna akili unde hata kidogo. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Kisima cha kijiji kina vihisi, vijiti vya chuma vinavyoning'inia ndani ili pampu izimwe maji yakipungua. Chumvi inajenga gamba jeupe juu ya vijiti, mkondo wa umeme haupiti, na kidhibiti kinadhani kisima kimekauka. Pampu inagoma, akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri. Fundi anakuja, anafungua paneli, anaunganisha nyaya mbili, pampu inaenda direkti bila kupitia vihisi. Wote wanamshukuru, na wana haki. Ikifika Oktoba maji yanashuka kweli, hakuna wa kuizima pampu, mota inaungua.

Hapo pande zote mbili zinapata na kukosa. Wapinzani wanasema kweli kwamba kijiji hicho hakihitaji maabara, kinahitaji mtu wa kusugua vijiti kila baada ya muda. Watetezi nao wanasema kweli kwamba mtambo ulioundwa bila kujua maji ya hapa utamlazimisha fundi mwenye akili timamu kuua kinga yake. Ukiuwekea akili unde itabiri matumizi ya maji, itatabiri kwa kutumia kihisi kilekile kinachodanganya. Boeing 737 MAX ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 ikielekea Nairobi, ikiwa na watu 157, ilisukumwa kichwa chini na programu iliyokuwa ikisikiliza kihisi kimoja.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kutoa fedha, ila si kwa kujenga maboksi zaidi. Kitu ambacho nchi haiwezi kununua ni kumbukumbu ya hitilafu zake yenyewe: kidhibiti kipi kilirukwa, wapi, mwezi gani, kwa nini. Bila hiyo mtafiti anabaki na mfano wa kompyuta na data iliyopakuliwa kutoka nje, na ruzuku inazaa makala. Wizara ya Elimu nayo imekuwa ikitoa zawadi ya hadi shilingi milioni 50 kwa makala inayochapishwa kwenye jarida lenye hadhi kubwa. Sijaona zawadi ya namna hiyo kwa anayekaa mwaka mzima na mafundi wa pampu.

Wenye mitambo wana sababu za kuficha, na si zote mbaya. Mikataba ina siri za kibiashara, orodha ya udhaifu wa gridi au reli ni zawadi kwa mhalifu, na meneja anayeandika hitilafu zote anaonekana mzembe kuliko asiyeandika. Hilo la tatu linatibika. Ajali za ndege huchunguzwa kwa utaratibu wa kimataifa ambao lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa, na Ethiopia ilitoa taarifa yake ya awali hadharani Aprili 4, 2019, haujatimia mwezi tangu ajali. Wadhibiti wa serikali, LATRA kwenye reli na EWURA kwenye maji na umeme, wanaweza kupokea hitilafu kwa utaratibu kama huo, wakaondoa majina, na kuwapa watafiti baada ya miezi kadhaa. Kwa siri za usalama wa taifa, sioni njia ya mkato.

Ningekaa kwenye jopo la kupitia maandiko, ningeanza na viambatisho. Iwepo barua ya mwenye mtambo, iliyosainiwa, inayosema ni kumbukumbu zipi za hitilafu atakazotoa na lini. Kama haipo, fedha zisubiri.