Hesabu siku, usihesabu madoa

Naandika hii nikiwa nimekaa pembeni ya tangi langu la karantini, halina mchanga wala mawe, kuna hita, sponji ya filta, vipande vinne vya bomba la plastiki na kangaja mmoja mdogo, samaki wa baharini, ambaye kila nikisogea anajificha kwenye bomba lilelile. Leo ni siku yake ya 11 kwenye dawa ya shaba, ninayomtibu nayo ugonjwa wa madoa meupe. Madoa meupe yalishaisha tangu siku ya nne, anakula vizuri, rangi imerudi, ukimwangalia utasema huyu hana ugonjwa wowote. Na hapo ndipo watu wengi wanakosea, mimi nikiwa mmojawapo, maana miaka ya nyuma nilimtoa samaki siku kama hii nikamweka kwenye tangi kubwa na ndani ya wiki tatu nikazika samaki watano, wawili kati yao ni klauni niliokuwa nao miaka minne. Mpaka leo inaniuma.

Tatizo ni kwamba tunahesabu madoa. Kile kidoa kama chembe ya chumvi unachokiona kwenye pezi ni kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans, kiko chini ya ngozi ya samaki kinakula, na hakikai hapo milele, kinakaa siku 3 hadi 7 hivi, kikishiba kinatoka chenyewe. Yaani madoa yanaisha hata usipoweka kitu chochote! Wewe unafurahi dawa imefanya kazi kumbe kimelea kimeshuka chini, kimejishika kwenye kioo au kwenye jiwe, kimejifungia ndani ya gamba na humo kinajigawa wanatoka watoto hata mia na zaidi, wanaanza kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja mbili wanakufa. Sasa shaba inawaua wakati huo tu, wanapoogelea. Kikiwa chini ya ngozi haikifikii, kikiwa kwenye gamba haikifikii pia. Na magamba hayapasuki siku moja, mengine yanawahi mengine yanachelewa sana, imewahi kurekodiwa mpaka siku 72 ingawa mengi hayafiki huko. Ndo maana mimi shaba naiweka siku 30 mfululizo, na kipimo kikishuka hata siku moja tu chini ya kiwango naanza kuhesabu upya, sina mjadala na hilo.

Halafu kuna hii ya kusema "ngoja tuone". Samaki mpya kaja, anajikuna kwenye bomba, anatikisa kichwa, anapumua haraka, mtu anasema labda ni stresi ya safari ngoja tuone. Kusubiri ni sawa kabisa kama samaki yuko peke yake kwenye karantini, tena ni vizuri kumwangalia kabla ya kumwekea dawa maana magonjwa hayafanani. Lakini kusubiri huku yuko na wenzake kwenye tangi kubwa hapana, kwa kweli hapana. Mara nyingi vimelea vinaanzia kwenye matamvua ambako huwezi kuviona, kwahiyo samaki msafi machoni anaweza akawa anakosa hewa pole pole. Mi naangalia kupumua kwanza kabla ya ngozi. Ukiona anahema sana, hataki kula, anakimbia mwanga, anakaa uso kwa uso na mkondo wa pampu, na mwilini ana kitu kama vumbi laini la rangi ya dhahabu, hiyo siyo madoa meupe, hiyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, na hiyo haikupi wiki, inaweza kumaliza samaki ndani ya siku chache. Hapo dawa ni siku hiyohiyo. Klauni akianza kutoa ute mwingi mweupe unaobanduka, fikiria Brooklynella, kimelea kingine tena, na hapo shaba haisaidii. Na kama anajikuna tu macho yameanza ukungu inaweza kuwa minyoo ya ngozi, huyo unamwogesha kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH sawa na ya tangi lake na hewa ya kutosha, dakika 5 hivi ukiwa umemkazia macho, minyoo inageuka myeupe inadondoka unaiona kabisa kwenye ndoo. Kisha prazikwanteli, dawa ya minyoo, na dozi ya pili baada ya wiki hivi kwa sababu mayai yake hayafi na dozi ya kwanza.

Kuhusu shaba yenyewe naomba tusikilizane. Kuna shaba za aina mbili na viwango vyake havikaribiani, ile ya kawaida inafanya kazi karibu miligramu 0.2 kwa lita, ile iliyofungwa kikemikali (chelated) inataka kama 2 hadi 2.5. Ukichanganya hesabu za hizi mbili samaki anakufa, aidha kwa sumu au kwa dawa isiyofika. Usipime kwa kifuniko cha chupa! Nunua kipimo kinachosoma aina yako ya shaba, panda taratibu ndani ya siku kadhaa. Na usiweke mawe wala mchanga humo, vinafyonza shaba, usiweke na konokono, kamba au matumbawe maana wanakufa. Kinachoua wengi karantini siyo hata shaba, ni amonia, kwa sababu tangi ni dogo na bakteria hawajatosha, kwahiyo andaa sponji mapema, pima kila siku, badilisha maji kwa maji yaliyokwisha kuwekewa shaba kiwango kilekile. Zile dawa za kuondoa amonia usizichanganye na shaba, zinaweza kuigeuza ikawa sumu kali.

Wapo wanaosema karantini inamtesa samaki, bora umuingize moja kwa moja kinga yake imlinde. Nawaelewa, tangi tupu lenye mwanga mkali kweli linatesa, ndo maana naweka mabomba, nafunika pande tatu, mwanga hafifu na chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Ila hoja kwamba kila tangi la chumvi lina vimelea tu siikubali. Kimelea hiki bila samaki hakiishi, kama hakikuingia hakipo. Kikishaingia ndo utajua kazi, maana unatoa samaki WOTE na kuliacha tangi bila samaki siku 76, na matumbawe na konokono wabaki humo wakiwa hawaumwi. Nilifanya hivyo baada ya wale watano. Miezi miwili na nusu naangalia mawe na maji.

Huyu kangaja zimebaki siku 19. Baada ya hapo natoa shaba kwa kaboni ya kuchujia maji, namwangalia wiki mbili bila dawa, akila na kupumua vizuri ndo anavuka. Saa hizi katoa kichwa nje ya bomba, naenda kupima shaba kwanza ndo nimpe chakula.