Barua ya Posa ya Mheshimiwa

Kabla hamjaanza kunicheka, naomba ieleweke kwamba vile vikapu vilikuwa vinafanana. Vyote viwili vya ukili, vyote vina mfuniko, vilinunuliwa siku moja kwa mama mmoja pale soko la Majengo, kwa sababu dada yangu akipunguziwa bei hajui kununua kitu kimoja. Na doti ya kanga ina vipande viwili vinavyolingana, hilo sikulitunga mimi.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mimi Dodoma nililetwa na uhamisho, kama wengi wetu tulioifuata serikali ilipotoka Dar es Salaam. Nikapanga chumba na sebule Nkuhungu. Mpangaji aliyenitangulia naye alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, akaacha kalenda ukutani, deni la maji, na kobe.

Kobe mwenyewe alifungwa kwenye mpapai. Ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma, palitobolewa tundu, ukapitishwa waya wa kufungia nondo, ukazungushwa kwenye mti. Mgongoni alikuwa na rangi ya kijani iliyobaki walipopaka geti. Mbele yake sahani ya bati yenye ukoko wa ugali.

“Mama, huyu anakula nini?” nikamuuliza mama mwenye nyumba.

“Anakula tunachokula. Jana kapata makande,” akanijibu, tena kwa fahari, kama mtu anayetunza yatima.

Watoto wa pale walimwita Mheshimiwa. Nilipouliza sababu, mmoja wa darasa la tatu akanieleza bila kupepesa macho: akishiba analala, akiulizwa swali anaingiza kichwa ndani. Hapa ni Dodoma, watoto wanaangalia televisheni.

Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikakata waya kwa koleo la kuazima, nikampakia Mheshimiwa kwenye bajaji, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Daktari huyu kazi yake ni ng'ombe na mbuzi. Akamgeuza kobe juu chini, akamgonga gamba kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, akanyamaza. Kisha akasema, “Ngoja nimpigie mtu niliyesoma naye chuo cha SUA.” Akatoka nje na simu dakika ishirini. Aliporudi alikuwa mtaalamu.

Habari hazikuwa nzuri. Gamba lililotakiwa kuwa kama kuba lilikuwa limeota vichuguu, kila kigae na kilima chake: matokeo ya kulishwa visivyo vyake na kukaa mkavu bila maji. Mdomo ulikuwa umerefuka na kupinda kama wa kasuku, maana ugali hausagi mdomo kama nyasi zinavyousaga. “Huyu ni mla nyasi na majani,” daktari akasema. “Kumpa ugali ni sawa na mimi nikulishe simenti.”

Nikamuuliza kama gamba bovu litatoka aote jipya. Mimi bado nakumbuka mwaka 2011, wanasiasa wetu walipotuhubiria habari za kujivua gamba. Daktari akanitazama kwa huruma. “Anayejivua gamba ni nyoka, bwana. Kobe gamba lake limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Hivi vichuguu vilivyokwishaota atazikwa navyo. Sisi tunazuia visizidi.”

Akausaga mdomo, akasafisha lile tundu kwa iodini, akaanza kukwangua rangi taratibu. Alipomaliza akaniambia mambo mawili. La kwanza, Mheshimiwa ni jike: tumbo bapa, mkia mfupi. Dume tumbo lake lina bonde. (Nilipopeleka taarifa nyumbani watoto walikataa kubadili jina. “Kwani wabunge wote wanaume?” Hoja ikapita.) La pili ndilo lililonitoa jasho: kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumweka uani bila kibali kama unavyofuga bata. Kesho yake nikaenda kujisalimisha kwa watu wa wanyamapori, nimevaa shati jeupe kama mtu wa kesi. Wakanisikiliza, wakaandika, wakaagiza atunzwe chini ya daktari, akipona watamfuata wenyewe.

Nikaanza ulezi. Ilikuwa mwisho wa Juni. Mnaoijua Dodoma mnajua kwamba mvua ikiaga Aprili haina mpango wa kurudi hadi Desemba, na katikati hapo nchi nzima inakuwa na rangi ya biskuti. Jani bichi ni la kutafutwa kwa tochi. Nilichuma nyasi chini ya bomba la maji ofisini, nimevaa tai, wenzangu wakadhani nimefuga sungura nami sikuwasahihisha. Jamaa yangu mwenye shamba la zabibu Makutupora akanipa majani ya mizabibu ambayo hayajapigwa dawa. Dungusi kakati niliomba kwenye uzio wa watu, nikayababua miiba juu ya jiko la mkaa kwa zamu, huku chakula changu mwenyewe kikingoja. Kuna usiku Mheshimiwa alikula sahani tatu za mboga, mimi nikalala na chapati kavu.

Kila siku nilimwogesha robo saa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi kidevu. Anakunywa humohumo, halafu anakojolea humohumo, na mkojo unakuja na kitu cheupe kama chokaa. Mara ya kwanza nilimpigia daktari saa nne usiku. Akasema ndivyo kobe walivyo, hubana maji na kutoa chumvi za mkojo zikiwa nzito, na nikomee hapo kumpigia usiku.

Tatizo kubwa lilikuwa mizani. Daktari alitaka uzito kila Jumamosi, nami mizani sina. Nikaenda kumwomba mwenye bucha wa mtaani kwetu, ambaye ni mtu mwema kupita kiasi. Akatandika gazeti kwenye sinia la mizani, akamweka Mheshimiwa, ikasoma kilo nne. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamtazama kobe, akatazama nyama zinazoning'inia, akauliza kwa sauti ndogo, “Na ile ya jana niliyonunua ilikuwa ya nini?” Tangu siku hiyo napimiwa kwa mlango wa nyuma.

Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzijoto kumi na tatu hivi, na upepo juu yake. Kobe wa aina hii, mwenye madoadoa, halali usingizi wa msimu kama wale wa nchi za barafu, na aliyedhoofika akipigwa na baridi anaweza kushikwa na homa ya mapafu. Kwa hiyo alilala sebuleni, ndani ya kile kikapu cha pili cha dada, juu ya blanketi kuukuu, pamoja na bahasha ya kaki yenye maelezo ya daktari ili yasipotee. Bahasha nilitoa ofisini, nakiri. Na ile ya barua ya posa pia nilitoa ofisini. Pakiti moja.

Mmeshaanza kuona tunakoelekea.

Mpwa wangu alikuwa amepata mchumba Kongwa. Dada akaja kwangu siku moja kabla na kikapu cha zawadi: blanketi la bibi, sukari, majani ya chai, na barua. Akakifunika kwa kanga mpya iliyoandikwa “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Usiku baridi ikazidi, akamwonea huruma Mheshimiwa, akamfunika kwa kipande cha pili cha doti ileile. Saa kumi na moja alfajiri umeme ukakatika. Mpwa wangu, ambaye kwa mila haendi kwenye posa yake, alijitolea kazi moja tu: kupakia kikapu kwenye Noah. Akakinyanyua gizani, akaona kina kama kilo nne, akaridhika, akarudi kulala.

Tulipopita Buigiri nikasikia mkwaruzo nyuma. Dereva akasema ni shokapu. Mshenga akasema shokapu za siku hizi ni za Kichina. Mimi nikasinzia.

Kongwa walitupokea vizuri mno. “Mbukwenyi!” Tukaketishwa kwenye mikeka na viti, babu yuko kwenye kigoda chake, bibi pembeni, wajomba ukutani. Njiani mshenga alinionya: mjomba, kazi yako ni kukaa, usitie neno hata moja. Naye akasimama na kanzu yake nyeupe, akasema tumepita hapa tukaona ua limechanua bustanini kwenu, kijana wetu amelipenda, barua yake hii hapa. Akapenyeza mkono chini ya mfuniko, akatoa bahasha, akamkabidhi kijana wao mmoja mwalimu aisome.

“Mheshimiwa anaendelea vizuri,” mwalimu akasoma. “Hamu ya kula imerudi na uzito unaongezeka.”

Babu akatikisa kichwa. Kijana ana afya.

Mimi damu ikaniganda. Dada akanifinya paja. Lakini barua ya posa ikishaanza kusomwa nani ataikatiza, tena mjomba aliyeambiwa akae?

“Ule waya tumeutoa na kidonda kimekauka.”

Wajomba wakatazamana.

“Ugali, wali na makande ni marufuku kabisa. Ale majani.”

“Uwii!” bibi akashika shavu. “Mjukuu wangu atampikia nini?”

“Mlenda,” mjomba mmoja akasema. “Mlenda si majani?” Bibi akatulia kidogo.

“Maua anayapenda mno. Apewe, ila si kila siku.”

Mshenga, aliyekuwa ametoka tu kuomba ua, akakohoa hadi akaletewa maji. Mwalimu sasa alikuwa anasoma polepole, kama mtu anayekanyaga kwenye matope.

“Aogeshwe kila siku robo saa, maji yasizidi kidevu. Akijisaidia humo msishtuke, ni kawaida yake. Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, maana hubeba vijidudu vya kuharisha. Akipona kabisa… arudishwe porini.”

Nimehudhuria misiba yenye kelele kuliko ukimya ule. Baba wa binti akauliza, kwa upole wa kutisha, “Kijana wenu mlimtoa wapi?”

Mshenga, mzee mzoefu, akaona dawa ni zawadi. Akasukuma kikapu mbele ya bibi. Bibi akafunua mfuniko, na chini ya maneno “Mgeni njoo, mwenyeji apone” kikatoka kichwa, kikageuka kushoto, kikageuka kulia, kikamkazia macho babu.

Watoto walipiga yowe, bibi akawa nyuma ya kiti ambacho sekunde moja kabla alikuwa amekikalia. Mshenga naye akamnyakua Mheshimiwa juu juu kama anayeokoa mtoto kisimani. Kobe akishtuka huachia maji yote aliyoyatunza. Na mimi nilikuwa nimemwogesha vizuri jana yake. Ile kanzu haikuwahi kuwa nyeupe tena.

“Mzee, mshushe! Unawe mikono!” ndiyo maneno yangu ya kwanza ukweni.

Waingereza waliwahi kuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaondoka kwa aibu bila karanga. Nilikaa pale nikijua kwamba sasa wamepata mwenzao.

Aliyetuokoa ni babu. Alianza kutikisika mabega, nikadhani kapandwa na hasira, kumbe anacheka hadi fimbo imemdondoka. “Mahari tulisema ng'ombe,” akasema alipopata pumzi. “Huyu mnataka tumhesabu kama ng'ombe wa ngapi?” Nyumba nzima ikalipuka. Nikaruhusiwa kueleza, nikaeleza yote, mpaka waya na rangi ya geti. Nilipotazama simu niliyoizima sauti kwa heshima, nikakuta mpwa wangu amepiga mara kumi na saba. Alikuwa amefungua kikapu kumpa kobe majani, akakuta sukari.

Posa ilipokelewa, na faini ya mbuzi mmoja kwa kuleta mgeni bila taarifa. Babu akamweka Mheshimiwa kivulini karibu na kigoda, akampima vichuguu kwa kidole, akasikitika. Akaniambia nimpe mifupa: alipokuwa mchungaji alizoea kuwaona porini wakiguguna mifupa mikavu na mavi ya fisi. Nikacheka nikijua ni utani. Daktari akapiga simu tena kwa yule mtu wa SUA, akarudi akasema ni kweli tupu, wanatafuta kalisiamu ya kujengea gamba. Nilipoanza kuulizia mavi ya fisi mtaani, mama mwenye nyumba akaniita kwa faragha kuniuliza kama nina matatizo. Tukaishia kwenye chokaa ya mifugo ya dukani, inayonyunyizwa juu ya majani, na jua la asubuhi.

Sasa hivi Mheshimiwa ana kilo nne na nusu, na watu wa wanyamapori wamesema watamfuata mvua zikianza. Kila Jumamosi, kabla sijafika nyumbani kutoka bucha, simu inaita kutoka Kongwa.

“Mjomba, leo kilo ngapi?”

Mpwa wangu analalamika. Ni mkwe wao halali tangu Septemba, na hajaulizwa uzito wake hata siku moja.