Hajui kusoma, halafu dawa ni Jumamosi?

Jamani juzi nimetoka kikao cha wazazi nimefura. Shule siitaji. Mwalimu mkuu kasimama, kasoma mbele ya umati majina ya watoto wa darasa la tatu ambao eti KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) bado, wazazi wengine wanatazama viatu vyao, halafu katangaza suluhisho: rimedio, yaani masomo ya ziada, kila Jumamosi, buku kwa kila kichwa. Watu wakapiga makofi! Mtoto wa jirani yangu amegoma kwenda shule tangu siku hiyo.

Yaani mtoto anakaa darasani wiki nzima haambulii kitu, siku ya kupumzika arudi afundishwe vilevile, kwa kasi ileile, na safari hii alipie. Elimu bila malipo ilianza 2016, au niliota?

Mimi nasema hivi, aliyeachwa nyuma asaidiwe siku ya shule, ndani ya kipindi, na mwalimu wake mwenyewe, kwenye kikundi kidogo. Na kikundi kipangwe kwa kile mtoto anachoweza, sio kwa umri wala namba aliyoshika. Shirika la Pratham kule India limefanya hivyo miaka mingi: msikilize mmoja mmoja, huyu kaishia herufi, yule maneno, yule aya, mwingine hadithi anaimaliza, basi kila mtu aanzie alipokwamia. Na hapa kwetu watafiti wa Uwezo wamepita majumbani kupima watoto kwa ngazi za namna hiyohiyo, kwa hiyo tusijifanye kipimo hatukijui.

Shemeji yangu anafundisha la pili. Anaita watoto sita mkekani, waliobaki wanaandika zoezi, kiranja anazunguka. Vifaa vyake ni vipande vya boksi kaandika silabi kwa makapeni. Kuna dogo alikuwa "anasoma" ukurasa mzima bila kukosea, shemeji akafunika picha kwa kiganja, dogo kimya. Alikariri! Akampa vipande viwili, nya na ma, dogo midomo inacheza weee, mara akatoa "nya... ma", akacheka mwenyewe, "nyama!" Sasa niambieni, kwenye darasa linaloitikia kwa pamoja huyo ungemjua lini? Form one?

Ila anayeweza ahamishwe haraka, kikundi kikiganda kinageuka benchi la vilaza na watoto wenyewe ndio wa kwanza kulijua.

Haya, najua mtakachosema, mwongozo unataka watoto 45 darasani na wapo mia na ushee, mwalimu ana maandalio, ana madaftari rundo. Kweli, mkekani hawatoshi wote kwa siku moja, na kwa hilo sina jibu zaidi ya kuleta walimu. Lakini mwalimu huyohuyo aliyechoka si ndiye mnamrudisha Jumamosi? Au buku inaondoa uchovu?

Tuisheni za mtaani leo naziacha.

Na mkuu, walimu wakali wote umewarundika la saba kwa sababu ya mtihani wa taifa, la kwanza na la pili umemwachia anayehesabu miezi ya kustaafu. Shusha hata mmoja huko chini kwa mwaka mmoja, halafu tuitane kikao kingine.