Asilimia 75 ya nini?

Mvalishe mkimbiaji barakoa inayobana pua na mdomo, mpandishe kwenye mashine ya kukimbilia, kisha umwache hapo saa nzima. Mate yanajaa, jasho linamwingia machoni, na kujifuta hawezi. Taabu yote hiyo ni ya kupima hewa mbili tu: oksijeni anayotumia na kabonidioksidi anayotoa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukipata 1.0, anachoma wanga mtupu, ukipata 0.7, mafuta matupu. (Mafuta ya mwilini, si petroli. Kiswahili hapa hutuchanganya.)

Kwa wastani, namba ya wanawake huwa chini kidogo kuliko ya wanaume. Yaani huchoma mafuta zaidi na kubana matumizi ya glikojeni, ule wanga uliowekwa akiba misulini. Homoni ya estrojeni ina mkono wake humo: hata wanaume wakipewa, namba yao hushuka.

Mimi ugomvi wangu uko kwenye upangaji wa watu kabla barakoa haijavaliwa. Wakimbize wote kwa kasi moja, na mwenye uwezo mdogo atakuwa anahema karibu na kikomo chake, na mwili ukifika huko hukimbilia wanga. Hapo umepima nani kazidiwa, basi. Ndiyo maana watafiti makini humweka kila mtu kwenye asilimia ileile ya uwezo wake mwenyewe, tuseme 65, na huuliza mwanamke yuko siku ya ngapi ya mzunguko wake wa hedhi.

Chakula nacho kina mtego wake. Mwaka 1995 kundi la mtafiti Mark Tarnopolsky, Kanada, lililisha wanamichezo, wanaume na wanawake, wanga hadi asilimia 75 ya nishati yote ya siku. Glikojeni ya wanaume ikapanda, ya wanawake ikabaki palepale. Rahisi kusema mwili wa mwanamke haujui kuweka akiba! Ila wanawake wale walikula kidogo, na asilimia 75 ya sahani ndogo ni wanga kidogo, hata ukihesabu kwa kila kilo ya mwili. Mwaka 2001 kundi hilo likarudia, safari hii wanawake wakiongezewa na chakula chenyewe. Glikojeni ikapanda.

Kwa hiyo kocha anayemtajia mwanamke asilimia ya wanga kabla ya marathoni, kwangu hajamwambia kitu. Amtajie gramu za wanga kwa kila kilo ya mwili, tena amwulize kwanza jana alikula kiasi gani.