Hongera Mwanetu, Nenda Salama

Kwanza, hakuna aliyezimia. Yule rafiki yangu wa bajaji pale Sabasaba aliyerusha voisi kwenye magrupu kwamba bibi harusi kazimia, mama kapandwa presha na mimi nimetorokea dirishani, kaongeza chumvi. Nilitoka mlangoni. Mlango wa jikoni, lakini ni mlango.

Steshenari yangu ya Majengo, hapa Dodoma, mnaijua. Wiki hii nilikuwa na kazi mbili: bango la send-off, maruni na dhahabu, na posta ya mwanafunzi wa chuo anayetengeneza filamu ya kutisha. Filamu yenyewe haina jina bado, nikajaribishia herufi zake kwa maneno yaliyokuwa kwenye skrini. Ya send-off.

Na zilitoka, jamani! Fonti nene, nikaigeuza iwe picha, nikaingia likwifai kwenye Photoshop na brashi ndogo, nikazivuta herufi chini mojamoja mpaka zikachuruzika. Nikatia kivuli kwa ndani, nikainua kingo zing'ae kama zimelowa. Kwa kunogesha, kiganja cha damu pembeni. Saa nane za usiku hizo, najipongeza. Nikasevu: "sendoff mwisho kabisa". Faili la mteja lilikuwa "sendoff mwisho". Sasa mtu wa kuprinti akifungua flashi achague lipi?

Jana jioni, ukumbini, Area C. Hapa twende polepole, maana hata mimi niliona polepole. Vijana wawili juu ya ngazi wanakunjua bango kutoka juu. Vikatokea vichwa vya herufi. Matone yako chini ya herufi, kwa hiyo huko juu ni maruni safi inayong'aa. Mama mzazi akanishika bega: "Baba, rangi imekolea!" Nikasema asante mama, huku tumbo limeshaanza kunguruma, kwa sababu ule mng'ao nilikuwa naujua. Wakashusha kidogo. Mchirizi wa kwanza. Wa pili. HONGERA MWANETU inavuja. Nikawapungia mkono waache, wakadhani nawahimiza. Wakashusha. NENDA SALAMA, na ile S ina mchirizi mrefu kuliko yote, ule niliojisifia. DJ akazima muziki. Ndipo kikatokea kiganja.

Bibi yake binti, aliyeingia asubuhi kutoka Mpwapwa, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akauliza: "Huyu mtoto anaenda kuolewa au kuchinjwa?"

Mama akanigeukia. "Hiki nini?"

"Divai, mama. Si Dodoma? Zabibu."

Familia nzima walokole.

"Na huu mkono?"

"Wa... mkamuaji."

(Wewe uliyeweka zabibu kwenye status, nimekuona.)

Mengine hayana stori. Mpambaji akaziba kwa vitambaa, sherehe ikaendelea, binti mwenyewe akacheka mpaka wanja ukachuruzika, salio langu nimeambiwa nisahau. Mwanafunzi kaona picha, anataka hivyohivyo, kwa bei ya chuo. Nikarudi kulichukua bango, nikakuta bibi ameshalikunja na kulifunga kamba. Anaenda kuanikia uwele. Anasema kwa kiganja kile, ndege hawatasogea.